Mkweche Nao Una Ukoo Wake

Ndugu msomaji, neno "mkweche" huwa tunalitamka kwa dharau. Gari likikohoa kwenye mataa, likatoa moshi kama jiko la kuni mbichi, halafu abiria wakateremka kulisukuma, vijana wa kijiweni hawana jina jingine la kulipa. Wengine huongeza kejeli kwa dereva, kana kwamba ukongwe wa gari ni dhambi yake. Mimi katika makala haya nataka kuutetea mkweche. Siutetei kwa sababu unakimbia, maana haukimbii. Nautetea kwa sababu ni shahidi. Tunavyo vitabu vinavyotueleza nani alihutubia wapi na mkataba gani ulitiwa saini mwaka gani. Lakini jinsi watu wa kawaida walivyosafiri, walivyobanwa na walivyojitafutia riziki, sehemu kubwa ya habari hiyo imelala chini ya bodi zenye kutu nyuma ya nyumba za watu, na kuku wanatagia ndani.

Shahidi wangu ni Peugeot 404, ambayo sisi huku kwetu tunaiita Pijo tu, na ukisema Pijo kila mtu anakuelewa.

Gari la Pasaka

Pijo 404 ilitoka Ufaransa mwezi Mei 1960, yaani mwaka mmoja na ushei kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Umbo lake lilichorwa na Waitaliano wa Pininfarina: mabawa madogo nyuma, taa za mbele za duara, paa lililonyooka. Injini yake ya sisi 1618 haikusimama wima. Ililazwa ubavu kwa nyuzi 45, ndiyo maana boneti yake iko chini. Gia zake zilikuwa pembeni ya usukani. Na kwa wale wasiojua, betri ikifa ulikuwa unachomeka hendeli pale mbele, unazungusha kwa mkono, gari linawaka. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kwa mtu aliyekwama usiku porini, kwenye kijiji kisicho na gereji wala umeme.

Lakini sifa ya Pijo Afrika Mashariki haikuletwa na hendeli. Ililetwa na Safari.

Mashindano haya ya magari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Njia ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari. Katika miaka hiyo ya 1960 yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka huku kwetu inaangukia masika. Basi ukitaka kuyaelewa mashindano yale usifikirie uwanja wa lami. Fikiria tope linalofika kwenye vitasa vya milango, mto uliovunja kingo, na vumbi la Dodoma usilojua limetoka wapi wakati kila mahali kunanyesha.

Mwaka 1963 yalianza magari 84. Yaliyomaliza yalikuwa 7. Lililokuwa mbele ya hayo saba ni Pijo 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 zikashinda tena Pijo 404, safari hii mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell. Shankland alikuwa Mskoti, lakini akiishi na kufanya kazi hapa hapa Dar es Salaam, kwa hiyo wazee wa mji huu mpaka leo wanamzungumza kama mtu wa mtaani kwao. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia: magari 93 yalianza, yakamaliza 7 tu, na la kwanza Pijo.

Sasa jiulize, mwenye pesa kidogo za kununua gari mwaka 1969, awe daktari wa wilaya, mfanyabiashara wa korosho au dereva teksi aliyedunduliza, angenunua gari gani? Tangazo gani lingeweza kushinda lile la magari saba kati ya tisini na tatu? Barabara zile zile zilizoua magari 86 ndizo alizokuwa akipita yeye kila siku kwenda kazini. Hakuhitaji kuambiwa.

Tena kulikuwa na jambo la siasa. Katika miaka hiyo Waswahili walikwisha kubuni neno "Wabenzi", wakimaanisha kabila jipya la wakubwa wanaotembelea Mercedes-Benz. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, Benzi likawa gari la kutazamwa kwa jicho la pembeni. Pijo haikuwa na kosa hilo. Lilikuwa gari la mtu anayefanya kazi. Ukienda Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam utaiona Rolls-Royce iliyotumiwa na magavana wa Kiingereza na baadaye Mwalimu Nyerere, imetunzwa vizuri. Ni haki yake. Lakini teksi iliyowapeleka mama zetu hospitali kujifungua usiku wa manane imetunzwa wapi?

Miaka ya kufunga mikanda

Katika mashindano hayo kuna kisa kimoja ambacho kila kijana anayependa magari ya zamani anapaswa kukijua. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, Kalasinga mzaliwa wa Kericho aliyekulia kwenye gereji ya baba yake, akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544, tena mtumba, limekwisha kutumika. Wakalifungua wenyewe, wakalitengeneza wenyewe, wakaanza na namba moja mgongoni, na wakawaacha wa pili kwa saa 1 na dakika 40. Makampuni ya Ulaya yalikuwepo na magari mapya na mafundi wa kuajiriwa. Kalasinga akawapita na gari kuukuu alilolijua kila nati.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu miaka kumi baadaye nchi nzima ilijikuta katika hali ya Joginder, bila kombe la kushindania. Bei ya mafuta ilipanda duniani kuanzia mwaka 1973. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, mpaka mwaka 1983. Mashindano ya Safari nayo yalikwisha kubaki upande wa Kenya peke yake. Mwaka 1978 hadi 1979 tukapigana na Idi Amini, na vita si harusi, vinalipiwa. Pesa za kigeni zikawa hadithi. Kulikuwa na amri ya kutoendesha magari ya binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Spea za Pijo? Labda uziote.

Hapo ndipo alipozaliwa fundi wa Kitanzania tunayemjua. Fundi aliyesomea kubadilisha spea akalazimika kujifunza kutengeneza spea. Gasketi ilikatwa kwenye karatasi ngumu la boksi. Mpira wa breki ulitafutwa kwenye gari la aina nyingine kabisa. Springi ya lori ilikatwa ikapigwa nyundo mpaka ikakubali kuingia kwenye gari dogo. Kwa hiyo Pijo iliyovuka miaka ile haikuwa tena Pijo ya Wafaransa. Ilikuwa ya Wafaransa nusu, na nusu ya Gerezani.

Halafu upepo ukabadilika. Mzee Mwinyi aliingia madarakani mwaka 1985, biashara zikafunguliwa, watu wakamwita Mzee Ruksa. Magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kushuka bandarini, na miaka ya 1990 yakajaa mjini. Yalikuwa yanawaka kwa ufunguo asubuhi hiyo hiyo, na spea zake zinauzwa dukani. Nani angemlaumu mtu kwa kuiegesha Pijo yake chini ya mwembe? Akaiegesha mwezi, ikawa mwaka, ikawa miaka. Mvua ikaingia. Baadaye wakaja watu wa vyuma chakavu na mizani yao. Pistoni na vifuniko vya silinda, kwa kuwa ni aluminiamu, viliyeyushwa vikawa masufuria. Inawezekana kabisa, ndugu msomaji, kwamba ubwabwa uliokula jana umepikwa ndani ya Pijo.

Wenzetu wanaokota, sisi tunapima kwa kilo

Nchi za wenzetu kutafuta magari ya zamani ni mchezo wa wenye pesa na wasio nazo. Mwaka 2014 huko magharibi ya Ufaransa wataalamu wa kampuni ya mnada ya Artcurial walikuta magari 60 kwenye mabanda ya tajiri mmoja wa malori, Roger Baillon, aliyeyakusanya tangu miaka ya 1950 akitaka kuanzisha makumbusho. Biashara ikamwendea mrama miaka ya 1970, magari yakabaki kuoza chini ya mabati. Yalipouzwa mwezi Februari 2015, Ferrari moja ilikwenda kwa zaidi ya yuro milioni 16, na vumbi lake juu. Japani nako, wafanyakazi wa Nissan waliojitolea baada ya saa za kazi waliifufua mwaka 2013 ile Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya mwaka 1971. Zingatia hilo: gari lililopata jina kwa kuogelea matope yetu linatunzwa Japani.

Majirani zetu Nairobi hawakulala. Tangu mwaka 1970 chama cha wenye magari ya Alfa Romeo kimekuwa kikiandaa mashindano ya magari yaliyotunzwa, na waamuzi hupita wakichungulia injini na chini ya gari kama wakwe wanaokagua jiko. Mwaka 2003 ukaanza mchuano wa magari ya zamani, East African Safari Classic, kuadhimisha miaka hamsini ya ile Safari ya kwanza. Kwa hiyo isisemwe kwamba jambo hili haliwezekani upande huu wa dunia.

Mimi nilijiingiza kwa mlango wa nyuma. Baada ya kumaliza kidato cha nne nilikuwa nashinda kwenye gereji bubu moja Ilala, mchana nashika spana, jioni naandika. Siku moja mshikaji wangu akaleta habari kwamba kuna Pijo 404 nyuma ya nyumba ya marehemu dereva teksi, na kwamba mtu wa skrepa amekwisha kuja na mizani. Tukaenda. Watoto wa marehemu hawakuwa wabaya, walikuwa na deni la hospitali. Wakatupa wiki moja: tulete mtu atakayelipa zaidi ya bei ya kilo, au gari likatwe. Tulizunguka mji mzima. Siku ya sita tukampata bwana mmoja wa makamo mpenda magari ya kale, akalipa, tukalivuta gari kwa kamba mpaka gereji.

Kwa faida ya wanaotaka kujaribu, nieleze kwa ufupi tulivyofanya. Kwanza, kabla ya pesa kutoka mfukoni, tulitafuta kadi ya gari na kulinganisha na namba ya kwenye bamba la chesisi. Gari lisilo na karatasi ni kesi. Pili, hatukujaribu kuliwasha. Injini iliyolala miaka ukiilazimisha inajikata yenyewe. Tulitoa plagi, tukamimina oili kidogo kwenye kila silinda, tukaiacha siku kadhaa, ndipo tukaizungusha taratibu kwa hendeli. Ilipozunguka tulipiga vigelegele kama harusini. Tatu, tulipiga bisibisi kila pahali chini kutafuta kutu: sakafu, pembeni chini ya milango, mahali shokapu zinaposhika. Rangi inadanganya, bisibisi haidanganyi. Nne, kila kilichofunguliwa kiliingia kwenye kopo lake, kopo likaandikwa, na mimi nikachora kwenye daftari kilivyokuwa kimekaa. Hiyo ndiyo kazi iliyonipata mimi, kwa kuwa walisema ndiye mwenye mwandiko.

Mwandiko wa chuma

Fundi bodi wetu ni mzee wa miaka sabini na kitu. Alipoingia chini ya lile gari alikaa kimya muda mrefu, mpaka tukadhani amepata kizunguzungu. Kisha akaniita.

"Mwanangu, hebu njoo na tochi. Unaona hapa palipochomelewa?"

"Naona, mzee."

"Huu mkono wangu."

Nikamuuliza amejuaje, maana viraka vya bati viko maelfu mjini hapa.

"Wewe mwandiko wako huujui?" akanijibu.

Akaeleza. Kiraka kile ni bati la pipa la mafuta, na ukilipiga msasa unaona mviringo wa pipa bado umo. Alikichomelea mwaka mmoja baada ya vita vya Amini kwisha, kwa hiyo ni 1980. Gesi ya kuchomelea ilipatikana kwa kujuana, akaitumia kwa kuibania, ndiyo maana mistari ni mifupi mifupi imeachana, kama mtu anayeshona na uzi haumtoshi. Akanionyesha na kingine chini ya mlango wa dereva. Akasema mwaka 1983, wakati wahujumu uchumi walipokuwa wakisakwa, hata boksi la plagi mtu alilificha uvunguni akiogopa ataulizwa amelitoa wapi. Nikaandika yote. Katika miaka yangu yote ya shule sikuwahi kufundishwa habari za mwaka 1980 kwa namna ile, nikiwa nimelala chali na kutu inaniingia machoni.

Hapo ukazuka ubishi. Mwenye gari alitaka Pijo irudi kama ilivyotoka kiwandani Sochaux, mabati mapya, kiraka hata kimoja kisionekane. Alikuwa na hoja: pesa ni zake, na gari la mashindano linahukumiwa kwa unadhifu. Mimi nikasema ukikata viraka umechana kurasa. Nikawapa mfano wa ile Bugatti iliyotolewa ndani ya Ziwa Maggiore mwaka 2009, imeliwa nusu na maji, na walioinunua wakaamua kuiacha vile vile ilivyo, maana kuitengeneza upya kungekuwa kuiua. Nilitegemea fundi atakuwa upande wangu. Haikuwa hivyo.

"Kata," akasema mzee. "Ile ilikuwa kazi ya njaa. Mimi siwezi kuchomelea vile. Watu watakuja kutazama gari hili wataniona mimi sikujua kazi."

Maneno yale yalinichoma, maana alisema kweli. Sisi wa kalamu tunapenda makovu ya watu wengine. Mwenye kovu anaweza kuwa hataki kulionyesha. Nani mwenye haki ya kuamua: aliyelipa, aliyechomelea, au anayetaka kuandika? Tulibishana siku mbili, kahawa ikaisha, kashata zikaisha. Mwishowe tukakubaliana hivi. Kiraka cha chini ya mlango kikatwe, kwa sababu pale ndipo bodi inapopata nguvu, na historia haimkingi mtu akipata ajali. Kiraka cha sakafu ya buti, ambacho bado ni kizima, kisafishwe, kipakwe rangi ya kuzuia kutu, kibaki. Mwenye gari akakubali kwa shingo upande. Fundi naye akakubali, kwa sharti moja alilonipa mimi.

"Basi andika," akasema. "Andika kwamba hatukuwa na bati. Andika kwamba gesi haikuwepo. Usiandike kiraka peke yake."

Nimeandika, na nimewaandikia ninyi ndugu zangu mnaotafuta visa vya riwaya mbali. Majina ya Nowicki na Shankland na Joginder yamo katika kumbukumbu za dunia, na wanastahili. Ya waliofanya magari hayo yaendelee kutembea miaka ishirini baada ya makombe kugawiwa hayamo popote, na wenyewe wanazeeka. Kila mtaa wa mji huu una fundi mmoja ambaye anaweza kukueleza uchumi wa nchi kwa kugusa bati. Mwamkie, kaa kwenye tairi, muulize gari gani la kwanza alilofungua, spea ilipokosekana alifanyaje, na nani alimfundisha. Muulize pia nini hataki kiandikwe. Na kama nyuma ya nyumba yenu kuna mkweche, mpigie kwanza picha, nakili namba ya chesisi, uliza ukoo wake kwa wakubwa. Ukishafanya hivyo, kama njaa ni kali, uza. Mtu wa mizani atachukua chuma, na daftari litabaki kwako.